Siku Hiti Ilipotoa Maji ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Palista Maharjan alipanga foleni ya maji. Gari la maji halikuweza kuingia kwenye vichochoro vya mtaa wa Kwalahiti, mjini Patan, Nepali. Lilisimama barabarani, mbele ya duka la vyombo vya shaba, na watu wa mtaa wakalifuata na madumu, ndoo na masufuria. Palista alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama ufito, lakini kwenye foleni hakuna aliyemchezea. Mtu akijaribu kumpita, alimsukumia dumu miguuni.

"Shangazi, mkia wa foleni uko kule nyuma."

"Umerithi ulimi wa bibi yako, wewe!" watu wakamwambia, na yeye akatabasamu, maana kwake hizo zilikuwa sifa.

Nyuma yake alisimama rafiki yake Jasna, akipiga miayo, na mdogo wake Rejan amemning'inia kwenye sketi. Baada ya hapo wote walibeba maji mpaka nyumbani, wakala baji, yaani mchele uliopondwa, na maharage, wakakimbilia shule viatu vikiwa bado vimelowa.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtaa wenyewe ulipewa jina kwa sababu ya maji. Katikati yake, mbele kidogo ya nyumba ya kina Palista, ilikuwapo hiti ya kale. Ni shimo pana lililojengwa kwa matofali mekundu, lenye ngazi za kushukia, na chini kabisa ukutani ilichomoza midomo mitatu ya mawe. Kila mdomo ulichongwa mfano wa mnyama wa majini mwenye mkonga uliojikunja na meno ya kutisha. Wafalme wa Patan waliijenga hiti hiyo, na maji yake yalikuja kwa mfereji wa chini kwa chini kutoka kwenye bwawa lililo juu ya mtaa. Lakini Palista alikuwa hajawahi kuona hata tone likitoka pale. Midomo ilikauka kabla hajazaliwa. Watu walijenga nyumba ovyo juu ya mfereji, bwawa likajaa tope, na hiti ikageuka jalala.

Aliyeukomesha uchafu huo alikuwa Bibi Nanimaya, mama wa baba yake Palista. Bibi alikuwa mfupi, mwenye chale za kizamani kwenye vifundo vya miguu, na akianza kusema, hata madereva wa pikipiki walizima injini wamsikilize. Siku moja ya baridi alishuka ngazi za hiti, akaketi juu ya rundo la takataka, akatangaza kwamba hainuki mpaka watu walete majembe.

"Mama, utaugua hapo," baba yake Palista alimsihi.

"Basi niletee chai, Purna. Na ukija, njoo na jembe."

Vijana walikuja kumcheka. Kufikia adhuhuri walikuwa wameona haya, wakaanza kuzoa. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mtaa mzima ulishuka kwenye hiti. Wanawake walipitishiana makarai ya tope mkono kwa mkono. Mafundi walirudishia matofali yaliyong'oka. Wazee walionyesha mfereji ulikopita, na palipoziba pakazibuliwa. Baba Purna, ambaye alikuwa mpiga ngoma hodari, aliwapigia ngoma ili wasichoke. Bwawa nalo lilichimbwa likafika kwenye udongo wake mweusi. Palista na wenzake walipewa miswaki mikuukuu wasugue mawe, na walifurahi kila pua na kila jicho la mnyama lilipojitokeza kutoka kwenye uchafu.

Kisha, jioni moja alipokuwa akirudi kutoka shuleni, Palista alisikia kelele. Alidhani watu wanapigana. Alipochungulia ukingoni, aliona mdomo wa katikati ukikohoa hewa, ukatema matope, ukatema tena, halafu maji yakaanza kutoka. Mwanzo yalikuwa ya kahawia. Polepole yakawa meupe, yakatiririka unene wa mkono wa mtoto, yakipiga sakafu ya mawe kwa sauti ambayo nusu ya watu pale hawakuwahi kuisikia maishani mwao.

Bibi Nanimaya alishuka na viatu vyake, akaingiza kichwa chini ya maji. Alipoinuka, hakuna aliyeweza kujua yapi ni maji na yapi ni machozi.

"Sithi Nakha imekaribia," alisema kwa sauti kubwa. "Siku hiyo ya sikukuu tutapikia maji haya, tutakunywa maji haya, na diwani wa kata aje aone. Mwambieni aje na kikombe chake!"

Watu walipiga vigelegele. Palista alihisi kifua chake kimejaa. Yule alikuwa bibi yake, na ile ilikuwa hiti yao.

Juma hilohilo, Mwalimu Rajani aliingia darasani na sanduku la chupa ndogo zenye unga wa dawa ndani. Alifundisha sayansi, na alipenda wanafunzi washike vitu kwa mikono yao.

"Jazeni chupa kwa maji mnayotumia nyumbani," aliwaeleza. "Fungeni vizuri, iwekeni mahali pa joto, msiitikise. Maji yakibaki na rangi yake, ni dalili njema. Yakigeuka meusi, ujue yamechanganyika na uchafu wa chooni, hata kama kwa macho yanaonekana safi."

"Mimi nitapima maji ya hiti!" Palista alisema kabla hajaulizwa. "Mtaona wenyewe. Yatang'aa kama kioo."

"Haya, Bibi Mdogo," Jasna alimtania, na darasa zima likacheka.

Palista aliijaza chupa yake kwenye mdomo wa katikati, akaiweka jikoni kwenye rafu karibu na jiko. Asubuhi iliyofuata aliichungulia kabla hata hajanawa uso. Maji yalikuwa meusi kama masizi ya chungu.

Alidhani kuna giza, akaipeleka dirishani. Meusi vilevile.

Njiani kwenda shule alimwonyesha Jasna, akiwa ameificha chupa chini ya shali. Jasna alitazama huku na huku.

"Imwage," alinong'ona. "Weka maji yaliyochemshwa. Nani atajua?"

"Mwalimu aliniona nikijisifu, Jasna. Darasa zima lilinisikia."

"Ndiyo maana nakwambia uimwage! Unataka bibi yako aaibike mbele ya diwani? Sikukuu ni keshokutwa."

Palista aliirudisha chupa chini ya shali. Kusema kweli, wazo lile lilimwingia. Au kuna mahali alipokosea? Huenda chupa ilikuwa mbovu. Huenda mikono yake ilikuwa michafu. Darasani hakuitoa chupa. Aliomba nyingine, akasema anataka kurudia. Mwalimu Rajani alimtazama kidogo, akampa bila kumhoji.

Safari hii alinawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akachota maji kwa uangalifu, akafunga, akangoja. Mchana wa siku iliyofuata chupa ya pili nayo ilikuwa nyeusi.

Alikuwa bado ameishika mkononi Jasna alipokuja mbio, macho mekundu.

"Rejan anaharisha tangu jana usiku. Mama amempeleka zahanati. Palista, alikuwa akinywa pale kwenye hiti kila tulipokuwa tukicheza. Nilimwona, wala sikumkataza." Akaigusa chupa. "Usiimwage hiyo chupa."

Palista aliiweka mfukoni, akaenda moja kwa moja uani. Bibi Nanimaya alikuwa ameketi na wanawake wa mtaa, wakisaga choroko za kupikia wo, vile vitumbua bapa vya sikukuu. Vicheko vilikuwa vingi. Baba Purna alikuwa pembeni akikaza ngozi ya ngoma yake.

"Bibi, naomba tuzungumze faragha."

"Faragha ya nini? Hapa sote ni wa ndani. Sema."

Palista alitoa chupa zote mbili, akaziweka chini mbele yao. Akaeleza alichofundishwa na mwalimu, na jinsi alivyopima mara mbili, na habari ya Rejan. Mawe ya kusagia yalinyamaza moja baada ya jingine.

Uso wa Bibi ulibadilika. "Maji ya hiti machafu? Wewe mtoto! Mimi nimeolewa kwenye nyumba hii nikiwa na umri kama wako au zaidi kidogo, nikanywa maji hayo, nikamlea baba yako kwa maji hayo. Leo kichupa cha shule kinitukanie hiti?"

"Sikuitukana, Bibi." Palista hakurudi nyuma. "Mimi mwenyewe nilitaka yawe safi kuliko mtu yeyote. Lakini ulipokuwa unayanywa wewe, mfereji haukuwa na vyoo juu yake. Sasa una vyoo tele."

Mama mmoja alianza kumkemea kwa kumjibu mkubwa, lakini Bibi aliinua mkono. Aliziinua zile chupa moja moja, akazitazama mwangani.

"Huyo Rejan," aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo isiyo yake, "hali yake vipi?"

"Wamempa dawa na maji ya chumvi na sukari. Wanasema atapona."

Bibi aliinuka, akakung'uta unga kwenye nguo. "Wekeni kamba kwenye ngazi. Mtu asinywe tena. Na mwiteni huyo mwalimu."

Mwalimu Rajani alikuja jioni hiyohiyo. Alikubali kwamba chupa zilisema kweli, lakini alisema hawezi kujua uchafu unaingilia wapi. Mfereji ulipita chini ya nyumba nyingi. Hapo ndipo mabishano yalipozuka. Huyu alimnyooshea yule kidole, yule akaapa kwamba choo chake kimejengwa na fundi wa maana. Palista alisikiliza mpaka akachoka, halafu akamvuta Jasna pembeni.

"Mama yako bado anatia rangi sufu?"

"Bado. Wiki hii anatia kijani, ana ndoo nzima."

Mwalimu Rajani alipolisikia wazo hilo, alipiga makofi. Ilikuwa rahisi: kumwaga maji yenye rangi ya kijani kwenye choo cha nyumba moja, kusubiri, na kutazama midomo ya hiti. Ikitoka rangi, mwizi amepatikana. Isipotoka, wanahamia nyumba inayofuata.

"Nani atakubali kuanza?" mwalimu aliuliza.

Watu waliangalia chini.

"Tutaanza kwangu," alisema Bibi Nanimaya. "Nisije nikachunguza vyoo vya watu na changu nimekifunga."

Asubuhi ya Sithi Nakha ilipambazuka bila mawingu. Harufu ya wo na mafuta ya haradali ilijaa vichochoroni. Watu walivaa nguo nzuri, wanawake wakiwa na mavazi yao meusi yenye ukingo mwekundu, na wote wakakusanyika kuizunguka hiti. Diwani naye alifika, na kweli alikuwa amebeba kikombe cha fedha. Alishangaa kuona kamba kwenye ngazi.

Baba Purna alimwaga ndoo ya kijani chooni kwao, akafuatisha ndoo za maji matupu. Kisha akaja akasimama na wengine. Palista alimwona akifuta jasho, na bado jua halikuwa kali.

Walingoja. Watoto walianza kusukumana. Diwani alitazama saa yake. Mtu mmoja akasema, "Haya, siyo hapa, twende nyumba ya pili," na baadhi wakaanza kuondoka.

"Tazameni!" Jasna alipiga kelele.

Kutoka kwenye mdomo wa katikati, maji meupe yalikuwa na uzi mwembamba wa kijani. Uzi ukawa utepe. Mara yule mnyama wa mawe akawa anatapika maji ya kijani kibichi kama majani ya haradali, mbele ya mtaa mzima, mbele ya diwani na kikombe chake.

Palista alitamani ardhi immeze. Ni nyumba yao! Alimtazama bibi yake, akaona ile midomo iliyozoea kunena imefungwa kabisa. Ndipo baba yake akatoka kwenye kundi la watu, akashuka mpaka ngazi ya mwisho, akageuka.

"Wakati nachimba choo kipya cha uani, kabla ya kazi hii ya hiti, nilikuta matofali ya zamani," alisema. "Nilifikiri ni ukuta uliokufa. Nikayavunja, nikapitisha bomba langu, nikafukia. Sikumwuliza mtu. Kumbe nilivunja mfereji wetu. Wazazi wa Rejan, nawaomba radhi. Majirani wote, nawaomba radhi."

Minong'ono ilisambaa. Sauti moja ya kejeli ilitoka nyuma: "Familia ya kuokoa hiti!" Palista alihisi mashavu yanawaka moto. Lakini baba yake hakuinamisha kichwa. Alikwenda nyumbani, akarudi na jembe begani.

Hapo ndipo Bibi Nanimaya alipopata tena ulimi wake.

"Mmesikia? Sasa sikilizeni na mimi. Leo ni siku ya kusafisha visima tangu enzi za mababu. Nani kawaambia ni siku ya kunywa tu? Niliharakisha mimi, kwa sababu nilitaka kujionyesha. Wo zipo, zitaliwa. Lakini kwanza majembe!" Akamgeukia diwani. "Nawe baba, weka hicho kikombe mfukoni, kunja mikono."

Diwani alikunja mikono. Watu waliokuja na nguo za sikukuu walizipandisha mpaka magotini. Yule aliyetoa kejeli alishangaa kujikuta amekabidhiwa karai. Waliifumua sakafu ya uani kwa kina Palista wakafika kwenye mfereji, na kweli, bomba lilikuwa limepasua ubavu wake, na maji machafu yalikuwa yakichuruzika ndani. Palista na Jasna walibeba matofali mpaka viganja vikachubuka. Mchana waliketi kwenye kifusi, wakala wo baada ya Mwalimu Rajani kuhakikisha mikono yenye tope imeoshwa kwa sabuni, mmoja mmoja, hata diwani.

Kazi haikuisha siku hiyo. Choo kilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, na kwa muda wote huo familia nzima ilitumia choo cha kina Jasna, jambo lililowapa watu utani wa kutosha. Nyumba nyingine nazo zilimwagiwa rangi ya kijani, na mbili zaidi zikakutwa na makosa madogo. Safari hii hakuna aliyebisha, kwa kuwa Bibi Nanimaya alikuwa ameanza na kwake. Mfereji ulijengwa upya kwa matofali, ukazibwa kwa ule udongo mweusi wa bwawani, na mahali maji yanapoingilia wakaweka tabaka za kokoto, mchanga na mkaa kama ilivyokuwa zamani. Rejan alipona, akawa anazunguka mafundi akiwauliza maswali mpaka wakamtimua.

Mvua za masika ya Nepali zilipokuwa zimeshika kasi, Palista alijaza chupa mpya mbele ya watu. Safari hii hakujisifu. Aliikabidhi kwa Mwalimu Rajani, ambaye aliifungia kabatini shuleni. Siku waliyokubaliana, mwalimu alikuja nayo mpaka hitini, akaiinua juu mwangani. Maji yalikuwa na rangi ileile yaliyowekwa nayo. Wakapima midomo yote mitatu, kwa kuwa sasa yote ilikuwa ikitoa maji, na tena baada ya mvua kubwa. Hakuna chupa iliyogeuka nyeusi.

Ngoma ya Baba Purna ilipasua hewa. Kamba ikakatwa. Diwani alitoa kikombe chake cha fedha, akakijaza, akampa Bibi Nanimaya ili awe wa kwanza. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akakipeleka kwa Palista.

"Kunywa wewe."

"Bibi, wewe ndiye uliyeianzisha kazi."

"Niliianza, nusura niiharibu. Kunywa, nimesema."

Palista alikunywa. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakauma, na yalikuwa na ladha kidogo ya mawe. Mtaa mzima ulishangilia kana kwamba ameshinda mbio. Baba yake alikuwa akipiga ngoma huku amefumba macho, akitabasamu.

Baada ya siku chache, wazee kutoka mtaa wa mbali walibisha hodi. Nao walikuwa wamefufua hiti yao, na walikuwa wamesikia habari.

"Tunamtafuta yule binti wa chupa," walisema.

Bibi Nanimaya alijiweka sawa kwenye kiti, akanyoosha shingo, na hakuharakisha kujibu. Aliwaandalia chai kwanza.

"Huyo ni mjukuu wangu," alisema hatimaye. "Mababu zetu walijua kuchonga mawe, mnaona wenyewe kazi yao. Lakini hawakuchonga ili tuyatazame. Walitaka watu wanywe wasiugue, na hilo ndilo tulilorithi. Mawe tuliyang'arisha kwa miswaki tukajiona tumemaliza, ila maji yalirudi kuwa maji siku mtoto huyu alipokubali kunikasirisha ili aseme ukweli. Ninajivunia hiti yangu. Lakini huyu ninajivunia zaidi."

Palista, aliyekuwa mlangoni, alilishusha begi lake la shule.

"Basi atakuja kwetu?" wazee waliuliza.

"Atakuja Jumamosi, pamoja na mwalimu wake. Lakini jueni mapema: atawaambia kile atakachokiona. Kama mnataka mtu wa kuwasifu tu, msimwite."

Wazee walitazamana. Kisha yule mkubwa wao akaweka kikombe chini, akamgeukia Palista.

"Jumamosi tutakungoja asubuhi, binti," alisema. "Na majembe tutayaweka tayari."